Laptopu inalala nikitoka tu, nikirudi kazi yote imepotea. Niguse wapi isilale kabisa?

Kijana wa Nkuhungu: Wakuu habari za jioni. Niko hapa Dodoma naandika ripoti yangu ya mwisho chuo, Ijumaa msimamizi anaitaka. Natumia Windows 10, nikitoka kwenda kula au kuteka maji nikirudi naikuta imelala, nikiiwasha inaanza upya na nilichoandika hakipo. Leo zimeenda kurasa nne, nimekaa kitandani machozi yananitoka. Nataka isilale kabisa.

Area C: Rahisi mkuu. Settings, System, Power & sleep, kwenye Sleep weka Never. Skrini iache izime baada ya dakika 5 maana hiyo ndo mla umeme.

Kijana wa Nkuhungu: Niliweka tangu juzi mkuu, bado.

Dada Mvumi: Mdogo wangu unasevu kweli? Mimi flashi ilikufa siku moja kabla ya kukusanya, niliandika upya usiku kucha na mtoto mgongoni, tangu siku hiyo kila aya nasevu na najitumia kwenye imeili. Vijana mnapenda kuamini mashine.

Fundi wa Majengo: Ngoja kwanza. Kompyuta ikilala haipotezi kitu, kazi inakaa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo inaendelea kupewa umeme kidogo. Ikianza upya ujue umeme ulikata kabisa. Betri ikoje?

Kijana wa Nkuhungu: Sina. Ilivimba ikainua kibodi nikaitoa, natumia chaja moja kwa moja. Lakini inapiga kazi vizuri, sidhani kama ndo tatizo.

Fundi wa Majengo: Ndo lenyewe, ila kuitoa umefanya vizuri, usiirudishe wala usiitoboe. Sasa nani anakata umeme, na kwa nini ukitoka tu?

Kijana wa Nkuhungu: Mama mwenye nyumba. LUKU ni moja, asipoona mtu uani anazima swichi kuu kuokoa yuniti. Sikutaka kumtaja wakuu, nina kodi ya miezi miwili sijalipa na hajawahi kunisema. Siwezi kwenda kumwambia asizime. Ndo maana nauliza seting.

Mbishi: Chai hii. Mara imelala, mara haina betri, sasa kaingia mama mwenye nyumba. Na umeme kazima unaandikaje hapa?

Kijana wa Nkuhungu: Kwa simu. Mkuu sina nguvu ya kutunga, nimebakiza siku tatu.

Wa Chang'ombe: Sio chai. Kwetu pia uani kunazimwa, friji yangu nyama ilishaharibika mara mbili.

Mbishi: Basi dogo samahani.

Fundi wa Majengo: Sikia, usiizuie kulala, ilaze usingizi mwingine. Fungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandika amri, kama administrator, andika powercfg /hibernate on, halafu nenda Control Panel, Power Options, sehemu ya vitufe vya kuzimia, utie tiki Hibernate. Hiyo inachukua vyote vilivyo kwenye RAM inaviandika kwenye diski C, kwa hiyo acha nafasi ya kutosha, halafu inazima kabisa, hata swichi ishuke haidhuriki. Kabla ya kutoka bonyeza Hibernate usubiri mpaka taa zizime zote, usikimbie. Na kwenye Word shusha AutoRecover, ile inayojihifadhia nakala yenyewe, kutoka dakika 10 hadi 1, ukisahau utapoteza kidogo.

Dada Mvumi: Na Ctrl+S!

Kijana wa Nkuhungu: Nimeilaza, nikachomoa waya kabisa, nikachomeka. Imerudi ukurasa wa 41, kale kamstari kanakonyeza katikati ya sentensi ileile. Naendelea kuandika wakuu, mama bado hajazima.