Tupeane uzoefu: Ukiingia Dar kwa shughuli zako, unakula wapi bila kuumia mfukoni?

Mzigo wa Songea

Wakuu, heshima kwenu wote.

Mimi nauza nguo na mashuka huko Songea. Kwa mwaka naingia Dar mara 4 au 5 kufunga mzigo Kariakoo, nakaa siku 3, nageuza. Nauli naijua, gesti naijua, hela ya makuli naijua. Kilichokuwa kinavuruga hesabu yangu miaka yote ni tumbo. Narudi nyumbani nakuta elfu 80 haina maelezo, na mama watoto ameshika kalamu anasubiri.

Kosa nimeligundua juzijuzi tu. Nilikuwa nazunguka madukani kwanza, njaa inanikamata saa 10 jioni, ndipo naanza kuuliza pa kula. Saa 10 Kariakoo mama ntilie ameshaosha masufuria, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa anahesabu hela ya kikoba. Kilichobaki ni zile hoteli zenye vioo na kiyoyozi. Unaagiza wali kuku, soda na maji, unaletewa bili kama umekuja kumlipia karo mtoto wa mwenye hoteli.

Safari iliyopita kuli aliyenibebea robota aliniambia, "Bosi, mimi saa 6 na nusu nakula, ukitaka twende, hutaki nisubiri hapa." Nikamfuata. Tukaingia uchochoro nyuma ya Mtaa wa Congo, benchi mbili, meza ina kitambaa cha plastiki chenye maua. Mama ana masufuria manne yamepangwa, kila moja limefunikwa kwa sinia. Hakuuliza unakula nini, aliuliza "Nyama au samaki?", kwa sababu vingine vyote vinakuja vyenyewe: wali, maharage pembeni, mchicha wa nazi, kipande cha tikiti, pilipili ya kukaanga kwenye kopo la blubendi. Elfu 3. Nilipoomba mchuzi wa kuongeza aliumwaga bila kununa.

Ila angalizo: kuli anafuata ujazo. Usafi ni juu yako. Mimi siku hizi kabla sijakaa naangalia maji ya kuoshea vyombo. Yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, napita kama sijamwona mtu.

Haya, na nyie mtupe. Mnaotoka mikoani, mnaokuja hospitali, kwenye semina, kwenye misiba. Mnakula wapi?

Dereva Fuso

Mkuu, umeanza na mchana, mimi nianze na asubuhi, maana ndiko pesa inakookolewa.

Nashusha mzigo Dar kila wiki. Naingia usiku, nalala kwenye gari, saa 12 niko kwenye supu. Supu ya ng'ombe na chapati mbili, au makongoro kama nimeamka na baridi ya feni. Ukinywa supu nzito saa 1 asubuhi, saa 7 mchana njaa bado haijabisha hodi, muhogo wa kukaanga wa mia 5 unakusogeza mpaka jioni. Kwa hiyo unalipa mlo mmoja na nusu badala ya mitatu.

Namna ya kuijua supu nzuri: tazama mfupa. Mpishi mzuri anakuonyesha anachokuwekea, anakigeuza na upawa, "Hiki au hiki?" Yule anayechota huku amekupa mgongo, huyo anakupa maji ya moto yenye ndimu. Na ukifika saa 4 utakuta sufuria imeinamishwa kwenye tofali ili mchuzi wa chini ukusanyike. Ukiona hivyo usikae, unachopewa hapo ni chumvi.

Jambo lingine, beba hela ndogondogo. Ukimpa mtu wa supu noti ya elfu 10 saa 12 asubuhi, anaondoka nayo kutafuta chenji na wewe unabaki unalinda kibanda chake.

Nyota ya Ujiji

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo marahaba.

Mimi sikuja Dar kununua kitu. Nilikuja na mama yangu mzazi, rufaa ya Muhimbili, mwaka 2023. Tuliambiwa wiki moja, tukakaa siku 26. Kwa hiyo ninaposema habari ya kula Dar nasema kama mtu aliyegawa laki moja na nusu kwa siku 26, na siku zilizidi kuongezeka.

Siku za kwanza nilinunua chakula karibu, pale nilipoelekezwa na mlinzi mmoja. Upanga, hospitali ilipo, ni mtaa wa watu wenye nazo, ukienda bila kujua unalipia na miti ya kivuli. Siku ya nne nikakutana na dada wa Tabora, naye anauguza. Akaniambia, "Wewe una miguu, mbona hutembei?" Tukawa tunatoka baada ya muda wa kuona wagonjwa mchana, tunashuka upande wa Fire, tunavuka mpaka Kariakoo. Kwa mwendo wetu wa kuzungumza ni kama nusu saa. Tunakula makande au ugali na dagaa, sahani moja tunagawana, mama ntilie anatupa vijiko viwili bila kutuuliza.

Mama mgonjwa alikuwa hawezi kula cha watu, anataka uji tu, na uji wa dukani ulikuwa mwepesi mno kwake. Nilimweleza yule mama ntilie, si kwa kuomba, tulikuwa tunazungumza tu. Kesho yake akaniambia nije na chupa ya chai. Akanikorogea uji wa ulezi kwenye jiko lake la mkaa, akaweka karanga zilizosagwa, akajaza chupa, akanitoza mia 5. Akaendelea hivyo mpaka tulipoondoka. Mkaa peke yake ulikuwa unazidi ile mia 5, mimi mwenyewe napika, najua.

Mama alipona, yuko Ujiji anakula migebuka. Mwaka jana nilipita pale kumtafuta yule mama nikakuta kuna duka la vifuniko vya simu. Majirani wanasema alihamia Mbagala.

Mzigo wa Songea

Dada Nyota, hii imenigusa. Pole kwa kuuguza.

Dereva Fuso

Vijiwe vingi vimehama, dada. Tangu wamachinga walipoondolewa barabarani mwishoni mwa 2021, mimi mwenyewe nilipoteza watu wangu watatu wa chakula. Mmoja nilikuja kumkuta kwa bahati kule Mbezi Luis karibu na stendi mpya, tukakumbatiana kama ndugu.

Mtoto wa Temeke

Niwape upande wa mwenyeji. Kila ndugu akija kutoka mkoa anataka kula samaki "wa baharini". Nikiwaambia twende Feri, kwenye soko la samaki, wananiona bahili, wanataka meza inayotazama mawimbi.

Binamu yangu alikataa ushauri. Akaenda mwenyewe na mchumba wake sehemu moja ya ufukweni, siitaji. Kijana akawaletea samaki mbichi kwenye sinia, kolekole mnene, "Huyu anawafaa, kaka." Binamu akatikisa kichwa. Hakuuliza bei, aliona aibu mbele ya mchumba. Samaki alipokuja na chipsi na bili, ilikuwa elfu 65. Wakarudi Temeke kwa miguu kipande kizima, na mchumba ndiye aliyelipa daladala.

Feri unakwenda asubuhi. Mnada unapigwa pale pale, lakini mnada ni wa watu wanaonunua ndoo nzima, wewe usijitie. Subiri wachuuzi wanaogawa mafungu. Vibua, changu, tasi, pono, wote wapo. Fungua shavu, liwe jekundu, jicho liwe limejaa siyo limezama. Ukishanunua unampa mparuaji, anamsafisha kwa hela ndogo, kisha unampeleka kwa wakaangaji. Hapo ndipo ufungue macho: angalia karai. Mafuta yakishakuwa meusi, samaki wako mzuri anatoka mchungu. Sema tu "Nasubiri mafuta mapya", hawakasiriki, wamezoea. Ugali unanunua hapo hapo. Mara ya mwisho tulikula watu wanne kwa elfu 20, tukapanda pantoni kwenda Kigamboni kupunga upepo, nauli 200 kwa mtu. Bahari ndiyo ile ile.

Ufukwe wa Coco sikatai, ila Coco kwangu ni mihogo na mishkaki jua likishazama. Muhogo wa kuchoma, umepasuliwa katikati, ukapakwa pilipili na kachumbari. Ukianza kuagiza vitu vingine pale, utajikuta kwenye hadithi ya binamu.

Msafiri wa Kayole

Hamjambo ndugu zetu. Mimi ni wa Nairobi, nilikuja Dar kwa basi kwa ajili ya harusi ya rafiki. Nacheka peke yangu nikisoma hii.

Siku ya kwanza, mama ntilie aliniambia wali nyama ni elfu 3. Nikaruka! Kwetu kwa elfu 3 unalisha familia nyama choma pale Burma na mnabakisha nauli ya matatu. Nikamwambia, "Mathe, mimi sijaitisha ng'ombe mzima." Watu wote wakageuka. Ndipo mzee mmoja akanikumbusha kwa upole kwamba niko Tanzania, na hizo elfu 3 haziwezi kufika hata mia 2 ya kwetu. Nikaomba msamaha, nikaongezea chapati mbili kwa aibu.

Kosa la pili lilikuwa bajia. Nyumbani ukisema bajia unaletewa viazi vilivyokatwa vyembamba, vikachovywa unga na kukaangwa. Niliagiza za elfu moja nikiwa na njaa ya safari, nikaletewa vidonge vya kunde kwenye gazeti. Nilitaka kurudisha. Nikaonja kimoja na chatne ya nazi. Nikarudi kuongeza za elfu moja nyingine.

Ila zege, jamani, hapo mmetushinda. Chipsi kumwagiwa mayai zikawa kitu kimoja kama sahani, ni nani alifikiria hivyo?

Mtoto wa Temeke

Karibu sana jirani. Aliyefikiria alikuwa na njaa saa 5 usiku na mayai mawili. Na zege ndiyo iliyonisomesha chuo, naiheshimu.

Mwana wa Tandahimba

Naomba kuuliza. Mimi ni Muislamu, nakuja semina Sinza wiki mbili. Nasikia huko kitimoto, yaani nguruwe, ni kingi. Na Ramadhani itanikuta huko huko.

Pilipili Kichaa

Mwana wa Tandahimba, usiogope. Kitimoto hakijifichi, kipo kwenye baa na kimeandikwa ubaoni. Penye shaka uliza, "Anachinja nani?", watu wanajibu bila kuchukia. Ukitaka utulivu wa moyo, panda gari shuka Magomeni.

Na Ramadhani ndiyo raha yenyewe. Mchana mama ntilie wengi wanafunga vibanda, na walio wazi wanashusha pazia, hao ni wa wasiofunga. Ila kuanzia saa 11 jioni Magomeni na Kariakoo vinapangwa vitu barabarani mpaka unakosa pa kukanyaga: magimbi ya nazi, mihogo, tambi, kalimati, uji wa pilipili manga. Nunua kidogokidogo kwa watu tofauti. Jicho la mfungaji lina njaa kuliko tumbo, mimi nimewahi kununua futari ya watu sita nikiwa peke yangu gesti.

Kwa wale wa usiku, mimi ni mtu wa pweza. Utamjua muuzaji kwa kimeza kidogo, taa moja na watu wamesimama wamemzunguka kama wanatazama bao. Unachoma kipande kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili, unahesabiwa vijiti. Kikombe cha supu yake juu. Msiniulize faida zake, wanaume wanaosimama pale wanazijua na wanasema wamekuja kwa ajili ya mafua. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kudhani mia 5 ni ya sahani. Ni ya kipande. Nilitupa vijiti chini kama kumi na nne hivi, jamaa akawa anaviokota na kuvipanga mbele yangu kimyakimya, kimoja kimoja.

Nyota ya Ujiji

Kaka Pilipili, umenichekesha mpaka mtoto kaamka.

Mzigo wa Songea

Wakuu, nimeingia Dar jana usiku, naandika nikiwa Kariakoo. Nilisema leo nifuate ya Dereva Fuso, nianze na supu. Gesti sikulala vizuri, mbu, nikashtuka saa 3 na nusu. Nimefika pale mbio na kiatu kimoja hakijafungwa. Sufuria imeinamishwa kwenye tofali.

Nimekula chapati mbili na chai ya rangi. Kesho naweka alamu saa 11.

Dereva Fuso

Weka mbili, mkuu.