Mrejesho: Maili za Mto Current

Wakuu, niliuliza kwa nini ramani inaonyesha karibu maili 10 kutoka Akers hadi Pulltite, sehemu mbili kando ya Mto Current huku Missouri, Marekani, wakati GPS ya simu yangu ilisoma 8.6. Asanteni mlionishauri nipime upya.

Kumbe ili kutunza chaji simu ilirekodi nukta moja kila dakika 5, hivyo kona nyingi zilikatwa kwa mstari ulionyooka. Jumamosi nimerudia kwa nukta moja kila sekunde 5: imesoma 9.9!

Halafu nikalaza uzi uliolowa maji juu ya ramani ya 1:24,000 (sentimita 1 ni mita 240), nikaufuatisha katikati ya mto kona kwa kona, nikaunyoosha kwenye rula. Sentimita 66, yaani kilomita 15.8, karibu maili 9.8. Nimefurahi mno.