Mbwa wa miezi tisa anatii ndani, akitoka nje hasikii kabisa: nifanyeje?

Mfugaji Mgeni

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Nina mbwa dume wa miezi tisa, mwenye nguvu nyingi kupita kiasi, ambaye akiwa ndani ya nyumba hukaa, hulala na kusubiri mara tu anapoamriwa, lakini mlango ukifunguliwa huwa kama hajawahi kuisikia sauti yangu. Huvuta kamba hadi akakohoa, huwarukia wageni, na nikimwita wakati ananusa kitu hunitazama kidogo kisha akaendelea na shughuli zake. Nilishauriwa nimkimbize kila siku ili achoke. Nimefanya hivyo, na ninachokiona ni kwamba pumzi zake za kukimbia ndizo zinazoongezeka. Je, tatizo ni umri, ni ukaidi, au ni namna ninavyomfundisha?

Mkufunzi wa Uani

Umri unachangia, kwa kuwa kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu hivi mbwa wengi hupita katika ujana, na mambo waliyokwisha kuyajua huonekana kama yamefutika. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba mbwa hahamishi somo kutoka mahali pamoja hadi pengine kwa wepesi tunaoudhania. Amejifunza kukaa sebuleni, mbele yako, pasipo na harufu mpya wala watu wapya. Barabarani amri hiyohiyo ni somo geni kwake. Ianze upya uani, kisha langoni, kisha kwenye njia tulivu, na usisogee hatua inayofuata mpaka katika ile ya kwanza atii karibu kila mara. Mazoezi ya dakika tatu hadi tano, mara kadhaa kwa siku, yanafaa kuliko saa nzima ya kugombana. Zawadi iwe kipande kidogo sana cha chakula anachokipenda, impate ndani ya sekunde moja au mbili baada ya kutii, kwa sababu ukichelewa utakuwa unamlipa kwa jambo jingine kabisa. Chakula hicho ukipunguze katika mlo wake wa siku, la sivyo atanenepa.

Kuhusu kumchosha, usiegemee mbio peke yake. Matembezi ya polepole ambayo anaruhusiwa kunusa humtuliza vizuri, na mbwa kijana asiyelala vya kutosha huwa na fujo kama mtoto aliyenyimwa usingizi.

Mzee wa Lindo

Nyinyi vijana mnambembeleza mno mnyama. Mbwa ni mbwa mwitu aliyefugwa. Asipojua nani mkubwa wa kundi atakutawala wewe. Mkemee kwa ukali, ivute kamba kwa nguvu, naye atakuheshimu.

Msomaji wa Tabia

Shikamoo mzee wangu. Naomba nitofautiane nawe kidogo. Wazo la mkubwa wa kundi lilipata nguvu kutokana na uchunguzi wa Rudolf Schenkel, uliochapishwa mwaka 1947, juu ya mbwa mwitu waliofungiwa pamoja. Mtafiti David Mech, ambaye awali alisaidia kulieneza wazo hilo, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Hawashindani kila siku kuwania cheo. Isitoshe, mbwa anayekemewa pale anapokuja hujifunza jambo moja tu, kwamba kuja ni hatari.

Suala la kurukia wageni lina siri yake. Iwapo watu wanne wanamgeuzia mgongo na wa tano anamkumbatia, yule wa tano amemfundisha kung'ang'ania. Nyumba nzima ikubaliane kwamba hapewi macho, mikono wala maneno mpaka miguu yote minne iwe chini. Tarajia kwamba siku za mwanzo atazidisha kuruka kabla ya kuacha. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuharibu kazi yote.

Mfugaji Mgeni

Asanteni sana, nanyi mzee pia. Hapa nyumbani watoto humkumbatia anaporuka, kwa hiyo nitaanza nao. Bado sijaelewa nifanye nini kuhusu kamba na kumwita.

Mkufunzi wa Uani

Akivuta, simama kimya. Kamba ikilegea, endeleeni. Kila hatua anayosonga huku akivuta ni malipo, ndiyo maana kuvuta hakuishi. Mvishe mkanda wa kifuani ili koo lake lipumzike. Matembezi ya kwanza huenda yasifike mbali, na hilo si hasara.

Kumwita kunahitaji tahadhari zaidi. Tumia kamba ndefu ya mita tano hadi kumi, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani na kamwe si shingoni, katika eneo lililo wazi. Neno ulilolitumia hadi sasa limekwisha kuzoeleka kupuuzwa, kwa hiyo chagua jipya, ulitamke mara moja tu, na liambatane na zawadi bora kuliko zote. Usilitumie kumwitia kuogeshwa au kufungiwa. Mara nyingi, baada ya kumzawadia, mwachie arudi kunusa, ili asije akaona kwamba kukujia ndio mwisho wa starehe yake.