Utando wa kahawia ulioiva kwenye injini ya ndege ya modeli: nautoaje bila kula alumini?

MkiaJuu (Entebbe)
Wakuu, heshima zenu. Nina injini ya OS ya .46 (yaani inchi za ujazo 0.46), ya beringi mbili, imekaa kwenye boksi muda mrefu baada ya kuendeshwa kwa mafuta yenye nyonyo nyingi. Mapezi ya kupozea ya kichwa na upande wa ekzosi vimefunikwa na utando wa kahawia, mahali pengine mweusi kabisa, mgumu kama vanishi. Petroli haiugusi. Methanoli inatoa wa juujuu tu. Krenki, ile shafti inayozungusha propela, nayo haizunguki. Nimeshauriwa niichemshe kwa kostiki soda ile ya watengeneza sabuni, lakini mkono umesita. Mnasemaje?

FundiKatwe
Kostiki iache hukohuko kwenye sabuni. Inakula alumini: utaona mapovu (hayo ni haidrojeni, inashika moto), kisha bloku inatoka nyeusi na yenye vishimo, na pale beringi zinapokaa panalegea. Dawa nyingi za kusafishia oveni ni kostiki hiyohiyo ndani ya kopo la kupuliza. Magadi ni mpole kidogo, ila tazama sufuria ya alumini iliyopikiwa maharage ya magadi ilivyo nyeusi ndani. Siki na ndimu pia hapana.

Petroli inashindwa kwa sababu hayo si mafuta tena. Nyonyo ikikaangwa kwenye chuma cha moto inajiunga na kugeuka kitu karibu na plastiki. Kinachoilainisha ni kulanti ya gari, yenye ethilini glaikoli, ikiwa ya moto, kwa saa nyingi. Haili alumini.

Mzee_Methanoli
Kabla ya kulanti, legeza hiyo krenki, na usiilazimishe kwa propela wala stata. Ukilazimisha, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) inapinda na hutajua mpaka siku injini ikivunjikia angani. Kuchomeka bisibisi kwenye tundu la ekzosi usukume pistoni ni dhambi nyingine. Ukingo wa pistoni ukishakwaruzwa, kompresheni imeondoka.

Toa plagi. Tia matone kumi hivi ya ATF, yaani oili ya gia otomatiki, kwenye tundu la plagi, mengine kwenye ekzosi na kabureta. Iache ilale. Kesho yake pasha silinda kwa mashine ya kukaushia nywele, au oveni ya nyuzi 100 hadi 120, mpaka bloku isishikike kwa mkono mtupu. Injini za aina hii zina slivu, yaani bomba ambamo pistoni inapanda na kushuka, ya shaba iliyopakwa kromu au nikeli, nayo juu imebanwa makusudi; ikipata moto inatanuka kuliko pistoni na kuiachia. Vaa glavu, shika propela, tikisa mbele na nyuma kidogo kidogo. Methanoli isiwe karibu wakati huo, maana mwali wake mchana hauonekani.

NyaboPropela
Naongeza kuhusu kuifungua, maana hapo ndipo wengi wanaharibu. Skrubu za kichwa na za kifuniko cha nyuma kwa kawaida ni M3 (unene wa milimita 3), zinazofunguliwa kwa aleni, ufunguo wa pembe sita, ya milimita 2.5. Kile kitundu cha skrubu kimejaa utando, na aleni ikiingia nusu tu itazungusha na kumaliza kona zake. Kwangua kwa sindano mpaka uone chuma chini, ndipo uisukume aleni mpaka mwisho.

Ondoa kabureta kwanza, na oringi (pete za mpira) zote, gasketi na chochote cha plastiki. Hivyo haviingii kwenye kulanti ya moto. Slivu ikigoma, pasha bloku, uisukume juu kutoka ndani kwa kijiti cha mti, bila koleo. Kabla ya kuchomoa chochote piga picha: slivu ina mkato unaokaa kwenye pini yake, pistoni ina upande wake, na kitundu cha oili kwenye konrodi kinatazama mahali fulani. Pistoni na slivu vimezoeana. Ukigeuza unaanza upya kuizoeza.

Beringi: weka bloku tupu kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa robo saa, kisha igonge kifudifudi juu ya ubao, upande wa nyuma ukiwa chini. Ya nyuma inaanguka yenyewe. Ya mbele isukume kwa kijiti ukipitia nyuma.

MkiaJuu
Asanteni. Nyabo, beringi nizioshe au ninunue mpya? Na hiyo kulanti inapikiwaje? Sina kile chungu cha umeme cha moto mdogo, nina sigiri tu.

FundiKatwe
Sigiri inatosha, lakini usiweke kulanti moja kwa moja juu ya mkaa. Mvuke wake unaanza kushika moto ikifika nyuzi 111 hivi, na mkaa hauna swichi. Tumia maji kama kizuizi. Chukua kopo la chuma lenye mdomo mpana (la maziwa ya unga ni zuri), panga vyuma ndani, mimina kulanti mpaka vifunikwe, lita moja inatosha kwa .46. Funika kopo kwa kifuniko kilicholegea. Liweke ndani ya sufuria kuukuu yenye maji, juu ya vijiwe viwili vitatu lisigusane na sakafu ya sufuria. Huku kwetu, Kampala na Entebbe, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kulanti haiwezi kupita hapo hata ukijaza mkaa. Hiyo ndiyo jotoridi tunayotaka, 80 hadi 95.

Saa sita hadi nane, huku ukiongeza maji ya moto kwenye sufuria yakipungua. Nje ya nyumba. Ukitoa vyuma vikiwa bado vuguvugu, utando unakuwa kama ngozi iliyolowa. Sugua kwa mswaki wa zamani, na kwenye mapezi brashi ya nyaya za shaba. Brashi ya chuma inaacha mikwaruzo. Pakibaki pagumu, rudisha saa nne nyingine badala ya kukazana kusugua.

Soma chupa kabla ya kulipa. Soko la Kisekka, Kampala, utapata kulanti za rangi zote, na nyingine ni maji yaliyotiwa rangi. Tafuta iliyoandikwa ethilini glaikoli, ambayo haijachanganywa na maji.

Kajjansi46
Ni sumu yenye ladha tamu, hilo lisipitwe. Mbwa, mbuzi, mtoto, wote watainywa. Kopo na sufuria hiyo havirudi jikoni tena. Kulanti iliyotumika ichuje kwa kitambaa, ihifadhi kwenye kidumu chenye kifuniko na maandishi, itafanya kazi tena. Usiimwage mtaroni.

Injini zilizopakwa rangi, kama OS LA ya bluu, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Rangi inaweza kufifia.

Na jambo moja sikubaliani na wanaotaka ing'ae kila mahali. Ndani ya slivu na pembeni mwa pistoni, ule wekundu mwembamba uache. Futa kwa kitambaa chenye methanoli, basi. Ukisugua kwa sponji ya chuma unakula upako, kisha unakuja hapa kuuliza kwa nini haiwaki ikiwa moto.

NyaboPropela
Beringi nunua mpya, injini iliyokaa hivyo nyingi zina kutu kwenye njia za gololi. Namba imeandikwa ubavuni. Ichukue hiyo, si kipimo cha macho. Ya nyuma iwe wazi pande zote, ya mbele iwe na kinga upande wa nje tu, ili oili iliyomo kwenye mafuta izifikie. Zilaze kwenye friza, pasha bloku tena nyuzi 150, zitaingia kwa kusukumwa na kidole. Zikihitaji nyundo, zimekaa upande. Toa, anza tena.

Ukimaliza kuosha kwa maji ya moto na sabuni, kausha na upake ATF papo hapo. Krenki ya chuma kwa unyevu wa ziwani huko Entebbe haichelewi kushika kutu. Skrubu za kichwa kaza kwa msalaba, kidogo kidogo.

MkiaJuu
Mwebale nnyo (asanteni sana) wote. La mwisho: silensa niipike pamoja na bloku?

FundiKatwe
Ipike peke yake, mwisho, kwenye kulanti ileile. Ndiyo chafu kuliko zote, na masizi yake yataganda kwenye vitundu vya bloku. Ifungue vipande kwanza kama skrubu ndefu ya katikati inakubali. Ikitoka na kijivu kidogo usishtuke, hiyo ni kawaida ya alumini ya kumiminwa.