Tupeane uzoefu: nani kwenu amewapita wazazi kimo, na nani hakuwafikia?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Bibi mzaa mama alikuwa ananiishia begani. Mama ananiishia sikioni. Binti yangu yuko sekondari na ameshanipita, wakati baba yake si mrefu. Kila akija mgeni swali ni lile lile: huyu amechukua kwa nani? Mimi naona tuulize alikula nini na aliugua mara ngapi kabla hajaanza shule. Utafiti wa kimataifa uliotoka 2016 ulilinganisha waliozaliwa 1896 na waliozaliwa 1996: wanawake wa Korea Kusini waliongezeka sentimita 20, wanaume wa Iran 16. Miaka 100 ni michache mno kwa vinasaba vya taifa zima kubadilika hivyo. Elezeni ya kwenu, hata kama kizazi kimeshuka.

Kitindamimba
Kwetu tofauti iko kwa baba mmoja mama mmoja. Mzee alikuwa anatupima kwenye fremu ya mlango, anachora kwa penseli na kuandika mwaka. Alama za kaka mkubwa zimebanana, ukiweka vidole viwili umefunika mwaka mzima. Zangu zimeachana. Yeye alikua wakati nyumbani wanachota maji ya kisima kilicho wazi, kuhara hakumwishi. Mimi nimezaliwa bomba limeshafika. Chakula hakikutofautiana sana, ndiyo maana watu wakitaja lishe peke yake huwa sikubali. Mwili unaopigana na maradhi unaahirisha kukua, na mtoto akiharisha hata kile alichokula hakimfai chote.

Nesi wa Kliniki
Umesema kweli, ndugu. Wamama wengi wakifika kliniki wanaulizia kilo tu. Mtoto ana mashavu, kilo zake nzuri, lakini ukimlaza kwenye ubao wa kupimia (chini ya miaka miwili hupimwa amelala) urefu uko chini ya mstari wa umri wake kwenye kadi. Huo ndio udumavu, na mzazi haamini kwa sababu mtoto hajakonda. Kipindi cha kuangalia sana ni siku 1,000, tangu mimba inatungwa hadi anatimiza miaka miwili. Na mama aliyedumaa utotoni yuko katika hatari zaidi ya kujifungua mtoto mdogo, kwa hiyo ukoo ukipata nafuu leo, kimo hakirudi chote kwa kizazi kimoja.

Mbishi wa Hoja
Samahani dada nesi, damu nayo ipo. Mimi na mdogo wangu tumekula sahani moja, yeye ananipita kichwa kizima.

Mleta mada
Ipo mkuu, tena kwa watu waliokua bila shida, takribani asilimia 80 ya tofauti kati ya mtu na mtu hutokana na vinasaba. Ila hapo unajilinganisha na mdogo wako. Ukilinganisha kizazi chenu chote na cha babu zenu, hesabu inabadilika. Katikati ya karne ya 19 Waholanzi walikuwa wafupi kuliko Wamarekani, leo wanaongoza duniani. Na hata kwao, waliozaliwa 2001 wamepungukiwa sentimita 1 hivi na waliozaliwa 1980.

Mtoto wa Vita
Mimi ni wa upande wa kushuka. Koti la marehemu baba nikilivaa, mikono inafunika vidole. Utoto wangu uliangukia vitani, tukawa watu wa kuhamahama, chanjo nilikosa, mlo mmoja kwa siku ulikuwa bahati. Zipo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ambako waliozaliwa miaka ya 1990 ni wafupi kuliko waliozaliwa miaka ya 1960, kwa hiyo najua siko peke yangu. Dada nesi, mwanangu ana mwaka na nusu, kadi yake imejazwa kilo tu, sehemu ya urefu iko wazi. Nikaombe apimwe?

Nesi wa Kliniki
Ndiyo kaka, omba, ni haki yake. Na usiridhike na mara moja. Kipimo kimoja hakionyeshi kama mstari wa ukuaji wake unapanda au umelala.