Naomba ushauri: kuku wa jerk anaungua nje, ndani mbichi

Habari zenu wakuu. Jumamosi marafiki sita wanakuja kwangu na nimeshawaahidi chakula cha Kijamaika: kuku wa jerk (anapakwa viungo na pilipili kali, kisha anachomwa) na wali wa maharage. Wali haunisumbui, ni wali wa nazi tu uliotiwa maharage mekundu, thaimu na pilipili nzima. Bibi yangu wa Tanga angeupika amefumba macho.

Shida ni kuku. Nilimjaribu juzi kwenye jiko la mkaa: ngozi nyeusi tii, kuchana paja, damu kwenye mfupa. Nahisi ni sukari guru niliyotia kwenye viungo. Niipunguze, au nisogeze mkaa pembeni na kumfunika?

La pili, Wajamaika hutumia punje za pimento, zinafanana na pilipili manga ila zinanukia karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja, na huchomea kuni za mti huohuo. Mimi sina. Nikisaga hivyo vitatu, kuku wawili wanataka karafuu ngapi? Juzi nilitia kijiko kizima, mke wangu akasema kuku ananukia dawa ya meno.

Pilipili mbuzi ninazo, hapo sina wasiwasi.