Jipu la zamani linagonga mbele na kuinama nyuma: je, tatizo ni shokapu peke yake?

Msafiri wa Vumbi

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nina gari la aina ya jipu, la mwaka 1999, linalovuta magurudumu yote manne, ambalo limekwisha kutembea zaidi ya kilomita 280,000. Mbele kila gurudumu linajitegemea: kuna wishboni (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) ya juu na ya chini, na springi ya koili imevikwa kwenye shokapu yenyewe. Nyuma lina ekseli ngumu yenye springi za koili, shokapu zimekaa peke yake pembeni, na kuna fimbo ya Panhard inayozuia ekseli isihame kwenda kushoto wala kulia.

Dalili ni hizi. Nikivuka tuta, gari linaendelea kunesa mara mbili au tatu kabla halijatulia, na nikikanyaga breki pua inazama kuliko zamani. Pili, upande wa kushoto mbele kuna mlio wa kugonga, mkavu, unaosikika zaidi ninapokwenda polepole juu ya vijiwe vidogo kuliko ninapoingia kwenye shimo kubwa, jambo ambalo linanishangaza. Tatu, nyuma gari limekaa chini hata likiwa tupu. Nne, tairi za mbele zimelika kwa mabaka, mahali pamebonyea na mahali pamebaki juu, kana kwamba mtu amezichota kwa kijiko.

Fundi mmoja alilikandamiza boneti, akaliachia, akasema shokapu zote nne zimekwisha na kwamba nikizibadilisha kila kitu kitapona. Huenda anasema kweli, lakini sikuridhika. Nimewahi kubadilisha pedi za breki na mikanda ya injini mwenyewe, kwa hiyo ningependa kazi hii niifanye kwa mikono yangu. Naomba kujua: je, kugonga huko kunaweza kutoka kwenye shokapu? Na nikianza, nianzie wapi?

Fundi Mstaafu

Ndugu Msafiri, umeeleza vizuri, na maelezo yako yenyewe yanaonyesha kwamba huna ugonjwa mmoja bali unayo kama mitatu iliyokutana katika mwili mmoja. Tuitenganishe.

Kwanza, shokapu haibebi gari. Uzito wa gari unabebwa na springi, na kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kupanda na kushuka, kwa kuyalazimisha mafuta yapite katika vitundu vidogo ili nguvu ya ule mneso igeuke joto. Ndiyo maana gari lililoinama nyuma halinyanyuliwi kwa shokapu mpya za kawaida, hata ukinunua zilizo bora kuliko zote. Kuinama huko ni springi zilizochoka. Chukua futi ya utepe, weka gari mahali pa tambarare, upepo wa tairi ukiwa sawa, kisha pima wima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, magurudumu yote manne. Usipime kutoka chini ardhini, kwa sababu tairi iliyolika itakudanganya.

Pili, kunesa, kuzama kwa pua na tairi kulika kwa mabaka ni dalili za shokapu zilizokufa, ingawa mabaka huweza pia kuletwa na beringi au viungo vilivyolegea. Hapo mwenzangu aliyebonyeza boneti hakukosea, ila kipimo chenyewe ni dhaifu. Katika gari zito lenye bushi (raba za kwenye viungo) za zamani, msuguano wa zile bushi unaweza kulituliza gari likiwa limesimama ilhali barabarani shokapu haifanyi kitu. Afadhali uingie chini na kuangalia. Unyevu mwembamba wa mafuta uliogandamana na vumbi karibu na sili, ile raba inayozuia mafuta yasitoke, si jambo la kutisha. Mafuta yanayotiririka mwilini mwa shokapu hadi chini ni hukumu.

Tatu, na hapa ndipo ningependa usimame kidogo, ni kule kugonga. Mlio mkavu unaosikika polepole juu ya vijiwe mara chache sana hutoka ndani ya shokapu. Hutoka kwenye kiungo chenye uwazi mdogo unaochezacheza mzigo unapobadilika harakaharaka, na shimo kubwa halilii kwa sababu mzigo wake unakibana kiungo upande mmoja. Washukiwa ni linki za stabilaiza (vifimbo vinavyoshika ile fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona), bushi za shokapu, bushi za wishboni, ncha za tairodi (fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu) na boljointi (kiungo cha tufe la chuma kati ya wishboni na gurudumu). Linki za stabilaiza ndizo huongoza kwa kulia, lakini boljointi ya chini ndiyo huongoza kwa kuua. Katika mpangilio kama wa gari lako springi inasukuma wishboni ya chini, kwa hiyo uzito wa kona ile unapita kwenye boljointi ya chini, na kuna magari ambamo kiungo hicho kimefungwa kwa namna ambayo uzito unakivuta kitoke badala ya kukikandamiza kiingie. Kikichomoka, gurudumu linalala chini ya bodi, na usukani hauna tena la kufanya.

Kwa hiyo, kabla hujanunua shokapu hata moja, pima viungo. Weka jeki chini ya wishboni ya chini, karibu na gurudumu kadiri inavyowezekana, uinue mpaka tairi iache ardhi kidogo. Ukiinua kwa chesisi gurudumu litaning'inia, springi itaendelea kukibana kiungo, na utaambiwa ni kizima kumbe kimekwisha. Baada ya hapo shika tairi juu na chini, uitikise, kisha upitishe mtaimbo chini ya tairi na kuinua kidogokidogo huku mwenzako akiangalia kiungo kwa tochi. Ukiona mchezo, yaani kulegea, mwambie akanyage breki. Mchezo ukitoweka, hiyo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boljointi. Halafu shika tairi kushoto na kulia na utikise tena: hapo unazisikiliza tairodi.

Bi. Spana

Naungana na Fundi kuhusu boljointi. Nitaongeza mambo mawili ambayo mimi niliyajifunza kwa kuharibu.

Nilipobadilisha bushi za wishboni za gari langu kwa mara ya kwanza, nilikaza nati zote gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yakining'inia, kwa kuwa hapo ndipo spana inapoingia kwa raha. Miezi michache baadaye raba za bushi mpya zilikuwa zimechanika. Sikuelewa hadi nilipofikiri jinsi bushi ilivyotengenezwa: raba imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, haizunguki, inajipinda tu. Ukikaza wishboni ikiwa imening'inia, unaifanya hali hiyo kuwa ndiyo mapumziko yake, na gari likishuka chini raba inaishi ikiwa imesokotwa siku zote. Kaza kwa mkono tu, shusha gari likae kwenye uzito wake, lisukesuke kidogo, ndipo ukaze kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari. Hivyohivyo kwa fimbo ya Panhard, mikono ya ekseli na bushi za chini za shokapu.

La pili ni la nyuma. Katika magari mengi yenye ekseli ngumu, shokapu ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukizifungua zote mbili huku chesisi iko juu ya stendi na ekseli haikushikiliwa na kitu, ekseli inashuka hadi mpira wa breki unavutika, na mpira uliovutwa hivyo unaweza kuharibika kwa ndani bila wewe kuona. Weka jeki chini ya ekseli kabla ya kugusa boliti ya kwanza.

Kuhusu kama ubadilishe shokapu mbili au zote nne, badilisha kwa jozi, yaani kushoto na kulia pamoja kwenye ekseli moja. Si lazima zote nne siku moja, ingawa kwa gari lenye kilomita 280,000 sioni kwa nini za nyuma ziwe bado vijana. Na usishawishike kununua zilizo ngumu mno kwa sababu tu gari ni la njia mbaya. Shokapu ngumu juu ya springi iliyochoka haileti utulivu. Huzidisha mitikisiko mwilini na kuzitesa sehemu zinapofungiwa. Ikiwa unakwenda mwendo mrefu kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, tafuta zenye gesi, kwa kuwa mafuta yakipata joto na kupigwapigwa hutoa povu, na povu halizuii kitu. Gesi yenye mkandamizo hupunguza povu hilo.

Msafiri wa Vumbi

Nawashukuru sana, Mzee Fundi na dada Bi. Spana. Jana nilishinda chini ya gari na haya ndiyo niliyoyaona. Kwa vipimo vya urefu, mbele pande zote ni sawa, lakini nyuma kushoto ni pungufu ya kulia kwa sentimita mbili, na zote mbili ziko chini ya kipimo cha kitabu. Shokapu ya mbele kushoto inatiririka mafuta. Nyingine tatu ni kavu. Linki ya stabilaiza ya kushoto imechanika kifuniko chake cha raba na inachezacheza kwa vidole. Nilipoinua chini ya wishboni na kupitisha mtaimbo, boljointi ya chini ya kushoto ilipanda na kushuka waziwazi, na mke wangu alipokanyaga breki mchezo haukupungua. Kulia hakuna kitu.

Gari nimeliegesha. Je, nibadilishe boljointi ya kushoto peke yake? Na springi za mbele nizitoe vipi kwenye shokapu?

Fundi Mstaafu

Umefanya vyema kuliegesha, na lisitembee tena mpaka kiungo hicho kibadilishwe. Badilisha boljointi za chini pande zote mbili: ya kulia imetembea kilomita zilezile, na hii si sehemu ya kubahatisha. Tumia boliti mpya ikiwa kitabu kinasema hivyo, usirudishe pini ya zamani ya kufungia nati, na usinunue kiungo usichojua kilikotoka kwa sababu tu kinafanana kwa umbo. Kwenye linki unaweza kuchagua rahisi. Kwenye boljointi ya chini, hapana.

Springi ya mbele ni jambo la hatari kuliko yote uliyoyataja. Ile nati ya juu, katikati, ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi sana, na mtu akiifungua kabla springi haijakandamizwa kwa kifaa chake, shokapu na sahani ya juu hufyatuka kama risasi. Ushauri wangu ni kwamba utoe kitu kizima kwenye gari mwenyewe, kwa kufungua zile nati ndogo za pembeni juu na boliti ya chini, kisha ukipeleke kwa mwenye mashine ya kukandamizia springi, naye abadilishe. Si aibu.

Wakati wa kufunga, usiushike mti wa krom wa shokapu, ile fimbo inayong'aa inayoingia na kutoka, kwa koleo hata kidogo. Mkwaruzo mmoja utachana sili na utaanza kuvuja kama wa kwanza. Shokapu za mirija miwili (mrija ndani ya mrija) zisimamishe wima na uzibonyeze na kuzivuta polepole mara kadhaa kabla ya kufunga, ili hewa iliyoingia kwenye mafuta zilipolazwa ghalani ipande juu. Badilisha na raba za kugotea ikiwa zimekatika, kwani shokapu mpya bila raba hizo hugota chuma kwa chuma.

Kijana wa Kutu

Samahani kwa kudakia. Kwa gari la mwaka 1999, tatizo halitakuwa kujua, litakuwa boliti. Zipige brashi ya waya na kuzilowesha mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, kisha tena asubuhi. Zile boliti za wishboni ya chini zenye sahani za kurekebishia alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) zichoree alama kabla ya kuzigusa, na ujue kwamba mara nyingi hushikana kutu na chuma cha ndani ya bushi, hivyo nati itafunguka na boliti isitoke. Hapo hukatwa, na bushi nayo huharibika. Tafadhali usiweke moto karibu na shokapu yenye gesi.

Msafiri wa Vumbi

Narudi na habari baada ya wiki mbili. Boljointi zote mbili za chini, linki zote mbili, shokapu nne na springi za nyuma zimebadilishwa. Boliti moja ilikatwa, kama Kijana alivyotabiri. Kugonga kumekwisha kabisa, na gari linavuka tuta na kutulia mara moja. Limebaki jambo moja: linavuta kidogo kulia, na usiku naona taa zinaangaza chini mno.

Bi. Spana

Hayo yote yanatarajiwa. Nyuma imepanda, pua imeelekea chini, na taa zimefuata, zirekebishwe. Ila usikimbilie alaimenti leo. Tembea kilomita mia kadhaa springi zikae, rudia kukaza nati zote kwa kipimo, ndipo uende. Kisha angalia kama nyuma, juu ya ekseli, kuna kifimbo kinachounganisha ekseli na vali ya breki: vali hiyo hupima uzito kwa urefu wa gari, na gari likipanda huweza kudhani kwamba ni tupu na kuzipunguzia nguvu breki za nyuma. Kitabu kina kipimo chake.

Msafiri wa Vumbi

Kifimbo kipo. Nakipima kesho asubuhi.